Risala ya Watumiaji wa Kompyuta za Mezani kwa Wabunifu wa Mifumo Endeshi

Ndugu wabunifu, wahandisi na wakuu wa kampuni na miradi inayotengeneza mifumo endeshi ya kompyuta,

Sisi tunaowaletea risala hii ni watu wa kazi. Tumo makatibu muhtasi, wahasibu, wenye steshenari wanaochapa barua, mikataba na mitihani kwa malipo ya ukurasa, walimu wa kompyuta, mafundi wanaoweka programu kwenye mashine za watu, na wenzetu wasioona wanaofanya kazi kwa kusikiliza kompyuta ikiwasomea. Tunaishi kwa Kiswahili, na kompyuta zetu nyingi zinasema Kiingereza. Tunaandika mapema, toleo lijalo likiwa bado linajaribiwa, kwa kuwa tumeyaona yaliyopita: kitu kikishaondolewa na toleo likasambaa, kukirudisha huchukua miaka.

Kabla ya kukubaliana juu ya maneno haya tulibishana sana, na ni haki mjue tulibishana nini. Vijana wetu walisema waziwazi kuwa sura mpya zinawapendeza. Mwalimu mmoja alieleza kuwa wanafunzi wanaojiunga siku hizi wameshatumia simu kwa miaka kabla ya kugusa kipanya, na kwao ikoni zilizopangwa katikati ya skrini ni jambo la kawaida. Fundi mmoja akausifu mgawanyo wa madirisha katika Windows 11: unapeleka mshale kwenye kitufe cha kukuza dirisha, unachagua mpangilio, na nyaraka mbili zinakaa bega kwa bega. Hakuna aliyempinga. Wala hakuna aliyevilalamikia vichupo vya kufungulia folda nyingi ndani ya dirisha moja, vilivyoletwa mwaka 2022. Vilitusaidia sote, wazee kwa vijana.

Kwa hiyo msitusome kama watu wanaotaka dunia isimame. Tulipokutana ni hapa: mkituongezea kitu, tunakipokea na kujifunza. Mkiondoa au kuhamisha tulichokizoea bila kutuachia njia ya kukirudisha, mnatuharibia kazi, na hasara hiyo haionekani kwenye hesabu mnazozitazama mnapoamua.

Ndugu wabunifu, ujuzi wa mtu anayetumia kompyuta siku nzima umo mkononi mwake. Fundi cherehani hautazami mguu wake ulio kwenye kanyagio. Macho yako kwenye mshono. Mchapaji naye macho yake yako kwenye karatasi ya mteja, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kona ya chini kushoto. Kona hiyo haikupendwa bure. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha kuwa muda wa kufikia kitu hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Kona ya skrini ina faida ya pekee: mshale ukifika ukingoni unagota, hauwezi kupita, hivyo unausukuma kwa nguvu bila kutazama na bado unafika. Kuanzia Agosti 1995 Windows 95 ilipotoka, kitufe cha Start kilikaa kwenye kona hiyo kwa miaka 17, hadi kilipoondolewa kwa muda mwaka 2012. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ilikiweka katikati pamoja na ikoni nyingine, na kila unapofungua programu zaidi kinasogea kidogo kuelekea kushoto. Mahali pake saa mbili asubuhi sipo pake saa sita mchana. Tunakiri kwa shukrani kuwa mliacha mpangilio wa kukirudisha kushoto. Kumbe inawezekana, na tutalirudia jambo hili tukifika kwenye madai.

Kwetu sisi mahali pana uzito zaidi kuliko kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha ya nyumbani. Yeye kitufe kikihama atalisoma neno na kukitambua. Katibu aliyejifunza kazi kwa kuelekezwa na mwenzake amejifunza kwa mahali: cha tatu kutoka juu, kile chenye mkasi, pale pembeni chini. Vitini vya vyuo vyetu vimeandikwa hivyo hivyo, kwa picha za skrini zenye mishale. Picha zikiacha kufanana na skrini, kitini kizima hakifai, na chuo kidogo chenye mashine chache za matoleo tofauti hulazimika kufundisha somo lile lile mara mbili kwa wanafunzi waliokaa benchi moja.

Tukumbushane lililotokea na Windows 8. Toleo lake la majaribio la Februari 2012 lilikuja bila kitufe cha Start. Badala ya menyu, skrini nzima ilifunikwa na vigae vikubwa vilivyobuniwa kwa ajili ya kidole, kwa sababu iPad ilikuwa imetoka mwaka 2010 na kila kampuni iliogopa kuachwa nyuma. Watu wa kipanya na kibodi walipiga kelele tangu wakati wa majaribio. Ili kuzima kompyuta ilibidi upeleke mshale kwenye kona ya kulia, usubiri vitufe vijitokeze, uingie kwenye mipangilio, utafute alama ya umeme, kisha ndipo uchague kuzima. Hakuna alama yoyote kwenye skrini iliyomwambia mtu kuwa kona ile ina kitu. Sura hiyo hiyo ilipelekwa hata kwenye Windows Server 2012, mfumo wa mashine zinazofungiwa kwenye vyumba vya mitambo, ambazo hakuna mtu anayezigusa kwa kidole.

Kelele hazikusikilizwa, na toleo likatoka Oktoba 26, 2012. Oktoba 2013 kitufe kilirudishwa katika Windows 8.1, lakini ukikibofya kilikupeleka kwenye vigae vile vile. Menyu yenyewe ilirudi na Windows 10 mwezi Julai 2015. Karibu miaka mitatu ilipita kwa jambo lililosemwa kabla ya toleo kutoka. Katika miaka hiyo watu walinunua au kupakua programu za watu wengine ili wapate menyu waliyokuwa nayo bure, mafundi wetu wakawa wanaziweka kwa kila mteja, na ofisi nyingi zikabaki na Windows 7.

Sababu mliyoitoa wakati ule inatugusa kuliko yote. Mlisema hesabu za matumizi, zile ambazo kompyuta hutuma zenyewe kupitia intaneti, zilionyesha kuwa watu wanaifungua menyu ya Start mara chache kuliko zamani. Mwaka 2022 hoja ya namna hiyo ikasikika tena. Watumiaji wa Windows 11 walikuwa wakiomba warudishiwe uwezo wa kuhamishia upau wa kazi juu au pembeni mwa skrini, ombi lililokuwa miongoni mwa yaliyopigiwa kura nyingi zaidi, na jibu lililotolewa hadharani lilikuwa kwamba wanaolitaka ni kundi dogo likilinganishwa na wanaotaka mambo mengine, na kwamba kazi yake ni kubwa.

Tunaomba mtusikilize vizuri hapa. Kompyuta ya steshenari ambayo intaneti yake ni bando la simu linalowashwa mteja anapotaka kutuma barua pepe, haiwatumii hesabu kikamilifu. Kompyuta ya mhasibu wa shule isiyounganishwa na chochote kwa hofu ya virusi, haiwatumii. Ofisi ambayo fundi wake amezima utumaji wa taarifa ili bando lisiishe, haiwatumii. Mashine hizi zinafanya kazi kila siku, na kwenye majedwali yenu hazipo, au zimo nusu. Mnapoamua kuwa kitu hakitumiki, mmewahesabu wenye intaneti ya kudumu na waliokubali kuhesabiwa, kisha mkatupangia sisi wengine kwa kipimo chao.

Hata kwa wanaohesabika, idadi ya mibofyo haisemi yote. Kuna kitu unakigusa mara moja kwa mwezi, nacho ndicho kinachofunga hesabu za mwezi. Na huo upau wa pembeni una maana kubwa kwenye kompyuta mpakato zenye skrini pana na fupi, zile za nukta 1366 kwa 768 zilizojaa mitaani kwetu. Skrini hiyo ina nafasi ya kubakisha kwa upana, na kwa urefu haina. Mchapaji anayeuweka upau pembeni anapata mistari zaidi ya barua anayoichapa. Mlipouunda upya upau huo kwa ajili ya toleo la 2021 na kuunyima njia ya kuhama, mlimwondolea mistari hiyo.

Mhasibu ana lake. Anapofunga mwezi anafungua majedwali mengi kwa pamoja, na zamani kila moja lilikuwa na jina lake kwenye upau: mishahara, madeni, benki. Windows 11 iliyarundika yote chini ya ikoni moja na kuondoa uwezo wa kuyatenganisha. Uwezo huo ulirudi mwishoni mwa 2023. Kwa miaka miwili mtu aliyekuwa anabofya mara moja alilazimika kusimamisha mshale juu ya ikoni, angoje vijipicha vitokee, na abahatishe jedwali lipi ni lipi kwa picha ndogo ambayo namba zake hazisomeki.

Na menyu ya kubofya kulia: maneno ya kukata, kunakili, kubadili jina na kufuta yaligeuzwa ikoni tupu zilizopangwa juu, na mengine yakafichwa nyuma ya mbofyo wa ziada. Maneno yalirudishwa chini ya ikoni hizo katika toleo la 2024. Tunaposema ikoni bila neno inapoteza watu, tunasema jambo ambalo ninyi wenyewe mmekwisha kulikubali baada ya miaka mitatu.

Risala hii haielekezwi kwa kampuni moja. Wengi wetu tunatumia Linux kwa sababu haina malipo na inaendesha mashine kuukuu, na huko nako tumeumia. Mwezi Machi 2010, wiki chache kabla ya toleo la Linux liitwalo Ubuntu 10.04 kutoka, vitufe vya kufunga na kukunja dirisha vilihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Watumiaji walipohoji, mwanzilishi wa mradi, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, alijibu kuwa maoni mazuri na takwimu vinakaribishwa, lakini maamuzi ya ubunifu hayapigiwi kura. Sababu aliyoitaja ni kuacha upande wa kulia wazi kwa vitu vipya vitakavyokuja. Vitu hivyo havikuwahi kuingizwa kwenye mfumo tuliopewa. Oktoba 2017, Ubuntu 17.10 ilirudi kwenye sura ya madirisha iitwayo GNOME, na vitufe vikarudi kulia, baada ya zaidi ya miaka saba.

Hatudai kila kitu kipigiwe kura. Tunajua kura zinaweza kuzaa kitu kisicho na umbo, na mbunifu lazima awe na uamuzi wake. Lakini mtu akikataa kura, anabaki na wajibu wa kueleza sababu, na sababu ikishindwa kutimia, arudishe mapema alichokitoa.

Kabla ya hapo, mwaka 2011, GNOME 3 ilikuja na sura iliyohitaji kadi ya picha yenye nguvu. Mashine dhaifu zilipewa hali ya akiba iliyofanana na ya zamani, nayo ikaondolewa mwaka 2013. Watu wenye mashine za mitumba ndio waliokuwa wameikimbilia. Waliotuokoa ni watumiaji wenyewe: mmoja wa Argentina aliianzisha MATE kwa kuendeleza GNOME ya zamani, na mradi wa Linux Mint ukatengeneza Cinnamon. Hadi leo kuna shule zinazofundishia MATE kwa kuwa inakwenda kwenye mashine walizonazo. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha kuwa waliotajwa kama wachache wenye kulalamika walikuwa wengi wa kutosha kuubeba mradi mzima kwa mikono yao.

Wenzetu wasioona waliomba waandikiwe aya yao. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni, inawasomea skrini bila malipo, na kwa wengi wao ndiyo iliyowapa ajira. Mtu anayeisikiliza skrini haioni ramani yote kwa mara moja. Anaijua kama mfuatano: bonyeza Tab mara nne, mshale wa chini mara mbili, Enter. Mkiingiza kitufe kimoja kipya katikati ya mfuatano huo, kila kitu baada yake kimehama, na asubuhi hiyo mtu aliyekuwa mwepesi kuliko wenzake wote ofisini anaanza kupapasa. Kwa mwenye kuona mabadiliko hayo ni madogo mno, hata hayatajwi kwenye tangazo la toleo. Kwake yeye ndiyo toleo lenyewe.

Lipo pia la lugha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na baadaye watu wengi wamejitolea kutafsiri programu kwa Kiswahili, mara nyingi usiku baada ya kazi. Kila mnapopanga upya menyu, maneno mapya yanazaliwa na ya zamani yanakufa, na mfasiri anaanza tena. Matokeo yake ni skrini ambayo nusu yake ni Kiswahili na nusu Kiingereza, jambo linalomchanganya mwanafunzi kuliko Kiingereza kitupu. Wengi hukata tamaa na kurudi kwenye Kiingereza, kisha mnaona Kiswahili hakitumiki.

Kutokana na hayo, tunadai yafuatayo.

Kwanza, kila mpangilio mpya uje na njia ya kurudia wa zamani, na njia hiyo idumu kwa maisha yote ya toleo. Mmewahi kufanya hivyo. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuja na rangi mpya na menyu mpya, ikamwachia kila mtu uwezo wa kurudisha menyu na sura za zamani, na Vista nayo ikauacha. Apple walipogeuza mwelekeo wa kusogeza kurasa mwaka 2011 waliacha kisanduku cha kuugeuza tena, na sura yao ya kioo ya mwaka 2025 ilipolalamikiwa kuwa maandishi hayasomeki vizuri, waliongeza ndani ya miezi michache mpangilio wa kuipunguzia uwazi. Hili ndilo dai letu kuu. Tukilipata, mengi ya yanayofuata yatapungua uzito.

Pili, ulinzi utenganishwe na sura. Msaada wa Windows 10 ulipofika kikomo Oktoba 14, 2025, mtu aliyetaka kuendelea kupata masasisho ya usalama kwa muda mrefu aliambiwa ahamie kwenye Windows 11, mfumo wenye mpangilio tofauti, unaohitaji chipu ya TPM 2.0 na prosesa ambazo mashine nyingi za mitumba hazina. Kufunga tundu la virusi na kuhamisha kitufe ni mambo mawili, na hakuna anayepaswa kulipa la pili ili apate la kwanza.

Tatu, mnapotaka kuondoa kitu, tangazeni toleo moja kabla, kwa orodha iliyo wazi ya vinavyoondoka, ili walimu wabadilishe vitini na ofisi zijipange. Tangazo linalosifu vilivyoongezwa na kunyamazia vilivyoondoka halitoshi.

Nne, hesabu zenu zikitumika kama sababu ya kuondoa kitu, zichapisheni, na mseme zimetoka kwenye mashine za namna gani na za nchi zipi. Kisha njooni. Kaeni siku nzima kwenye steshenari ya Kariakoo au ya Nairobi, kwenye chuo cha ufundi, kwenye ofisi ya kata, mtazame mikono ya watu ikifanya kazi. Tutawapa kiti.

Tano, wasioona walipwe kujaribu kila toleo kabla halijatoka, na mikato ya kibodi iliyopo isibadilishwe wala kupewa kazi nyingine.

Sita, ikoni za kazi za kila siku zisiachwe bila maneno.

Saba, maneno ya menyu yafungwe miezi kadhaa kabla ya toleo, wafasiri wapewe muda na malipo, na toleo la Kiswahili lisitoke likiwa nusu.

Tunaomba jibu la maandishi kwa kila dai, kabla kipindi cha majaribio cha toleo lijalo hakijafungwa. Pale mtakaposema hapana, tunaomba mtaje sababu, tupate la kuwaambia wanafunzi na wateja wetu.

Ni sisi, watumiaji.